Ufunguo wa Mukubwa Kitenge

Kindu, 30 Septemba 1995

Mdogo wangu Amuri,

Barua hii anakuletea Mbaraka wa treni mkononi, kwa hiyo usimwache aondoke na njaa. Nyumbani sote wazima. Shemeji yako Mwanvua anauliza kama maji ya Lubumbashi yanawasahaulisha watu kuandika. Mimi siulizi hilo. Mimi nina swali la kazi, na unajua ni miaka mingapi sijamuuliza mtu swali la kazi.

Unamkumbuka Kitenge, yule aliyekuwa akiuza chumvi sokoni? Siku hizi ni mukubwa wa chama hapa mjini, anavaa abakosti, ile suti ya wakubwa wa chama, hata akienda kunyolewa. Amenunua gari jipya Ubelgiji. Lilishushwa stesheni mwezi wa nane, jeusi, madirisha yanapanda yenyewe, na watu wakalisindikiza mpaka nyumbani kwake. Lilikuja na ufunguo mmoja tu. Wa pili, anasema, ulipotea bandarini.

Basi Florentin, sofere anayemwendesha, akaona ufunguo huo unafaa kufungulia chupa ya bia. Ukakatika shingoni. Kitenge akaniletea vipande vyote viwili katika kitambaa, akataka mpya.

Nimechonga kwa tupa siku mbili, nikifuata meno ya kile kipande kilichokatika. Unaujua mkono wangu. Mlango ulifunguka, usukani ukalegea, moto wa injini ukawaka. Nikahesabu moja, mbili, ukazimika. Nikageuza tena: moja, mbili, kimya. Nimefanya hivyo labda mara hamsini, na betri sasa imechoka kuliko mimi. Nimefungua pompu ya mafuta, nimeisafisha, nimeirudisha. Ni vilevile.

Kichwa cha ule ufunguo wa zamani, ile plastiki ya kushikia, nilikivunja ili nitoe kisiki cha chuma kilichobaki ndani. Hayo mengine hayana haja ya kuandikwa.

Jana Kitenge alikuja mwenyewe kwenye kibanda changu, akasimama mlangoni, akaniziba mwanga. Tarehe 24 Novemba, sikukuu ya miaka thelathini ya utawala, kuna mgeni anakuja kutoka Kinshasa, na anataka kumpokea uwanja wa ndege kwa gari hilo. Alisema polepole, bila hasira yoyote: "Bulaimu, gari ilifika hapa muzima. Njo weye wa mwisho kushika ufunguo yake. Kama haitembei siku ya feti, nitajua ni politike."

Unajua neno hilo linampeleka mtu wapi katika nchi yetu. Niambie gari hili lina nini.

Kaka yako,
Bulaimu


Lubumbashi, 11 Oktoba 1995

Yaya Bulaimu, kaka yangu,

Mbaraka amekula mpaka akasinzia kitini. Mwambie shemeji sijasahau kuandika, nilikuwa nangoja niwe na la kujisifia.

Pompu haina kosa, betri haina kosa, na mkono wako ndio hauna kosa kabisa. Gari hizi mpya zinauliza. Kando ya tundu la kuwashia kuna waya umezungushwa, na ukigeuza ufunguo unauliza: wewe ni nani? Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna kitu kidogo chenye namba yake, kinajibu. Kisipojibu, gari linakata moto. Moja, mbili, kimya, kama ulivyohesabu. Meno yanafungua kufuli, basi. Unaweza kuyachonga vizuri kuliko kiwanda na gari likakukataa. Patroni wangu Bruno, mwenye gereji hii, aliponionyesha mwaka huu, nilicheka, nikadhani ananichezea.

Kitu chenyewe ni cheusi, bapa, cha pembe nne, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukikiona utasema ni kipande cha makaa. Kama unacho, tatizo limekwisha leo hii: kitie katika kichwa cha ufunguo mpya na gari litakubali. Kama kimepotea au kimeungua, hiyo ni habari nyingine. Hapa tuna mashine ya kulifundisha gari ufunguo mwingine, lakini inataka kwanza ufunguo mmoja unaojibu. Bila huo, ni kuagiza sanduku zima la umeme Ulaya, na sikukuu yenu haitangoja.

Kwa hiyo, yaya, ulipovunja kile kichwa ulikuta nini ndani? Ulikitia motoni? Kilianguka? Sitacheka. Ile sentensi yako kwamba mengine hayana haja ya kuandikwa imenikaa kooni tangu juzi.

Mdogo wako,
Amuri


Kindu, 22 Oktoba 1995

Amuri,

Naapa kwa kaburi la baba, sikukuta kitu cheusi. Wala cha pembe nne, wala cha kufanana na makaa. Baada ya barua yako tumepepeta vumbi lote la kibanda kwa ungo. Tumepata misumari na pete ambayo Mwanvua aliipoteza mwaka ule tulipomwoza binti yetu. Makaa hakuna. Umeuliza, nimejibu, na usinisukume tena hapo. Vipo vitu vya wakubwa ambavyo fundi akiviona anafumba macho, ananawa mikono na kunyamaza. Wewe ulitoka hapa ukiwa kijana, umesahau jinsi tunavyoishi.

Sasa sikiliza jambo la Jumatano, maana sijui nilielezeje.

Nilikuwa uani kwa Kitenge, nimelala kwa mgongo chini ya usukani natafuta hizo nyaya zako. Ni padogo sana pale. Nilikuwa nimekibana kichwa kwenye tundu lenyewe la kuwashia, kofia imenishukia jichoni. Florentin, kwa utani wake, akapitisha mkono juu yangu akageuza ufunguo. Moto ukawaka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikafika kumi. Ukaendelea.

Kitenge alitoka ndani na kijiko mkononi. Florentin akalizungusha gari uani mara tatu, akapiga honi, majirani wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa chini na nilitaka kulia, sikufichi. Kisha Kitenge akasema lizimwe, liwashwe tena, aone mwenyewe. Florentin akazima. Moja, mbili, kimya. Tulijaribu mpaka adhuhuri.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Lingekataa tangu mwanzo, ningekuwa fundi mjinga tu. Sasa mimi ni fundi anayejua na hataki. Kitenge alinitazama sana, akasema, "Iliwaka mbele yangu. Basi unajua." Akanyoosha mkono, nikampa karti yangu ya utambulisho. Tangu siku hiyo naingia kwake asubuhi na kutoka jioni, na mlinzi ananisindikiza hata msalani.

Niambie nifanye nini. Sijawahi kukuandikia sentensi hiyo.

Bulaimu


Lubumbashi, 31 Oktoba 1995

Yaya,

Nimemsomea Bruno barua yako, ile sehemu ya Jumatano. Aliweka chini alichokuwa ameshika. Anasema gari haliwezi kuwaka likaendelea bila kupata jibu. Kama liliwaka, basi kile kitu kilikuwa pale pale, umbali wa kidole kutoka kwenye tundu. "Kaka yako anacho na hajui," akasema, "ao anajua na hasemi."

Nilikutetea. Nilisema Bulaimu ndiye aliyenifundisha kushika tupa, hajawahi kuficha kosa la kazi. Halafu nikarudi kwenye chumba changu nikasoma tena habari ya kunawa mikono, na nikajua nimemtetea mtu asiyenieleza yote. Nimekasirika, yaya. Unamwogopa Kitenge kiasi cha kumficha ndugu yako, na mimi niko huku nabahatisha kama mganga.

Kama unacho, kitumie. Kama huna, usingoje tarehe 24. Nenda Punia kwa mjomba, kule msituni hakuna mtu wa chama atakayetembea siku nne kwa ajili ya ufunguo. Shemeji atakufuata baadaye. Ukishasoma, choma.

Amuri


Kindu, 9 Novemba 1995

Shemeji Amuri,

Ni mimi Mwanvua. Barua yako nimeipokea mimi na kuifungua mimi, kwa sababu yaya wako yuko kasho, kifungoni, tangu Jumatatu. Kitenge amesema mtu anayeweza kutoroka lazima awekwe mahali pa kufungwa mpaka siku ya feti. Gari likitembea siku hiyo, anatoka. Lisipotembea, anapandishwa ndege ya yule mgeni kwenda Kinshasa, na unajua waliopandishwa ndege hiyo wamerudi wangapi. Wananiruhusu kumpelekea chakula. Kuzungumza naye hawaniruhusu.

Sasa nitakwambia alichokuficha, na nilichomficha yeye.

Siku aliyovunja kile kichwa cha ufunguo alirudi nyumbani mapema. Alinawa mikono mara nyingi hata nikamwambia maji hayatoshi. Ndipo akafungua jani la mgomba alilolishika, akanionyesha. Ndani kulikuwa na kichupa cha kioo, kimezibwa huku na huku, kidogo kama punje ya mchele. Ndani yake uzi wa shaba umezungushwa, mwembamba kuliko unywele. Akaniambia, "Hii njo dawa ya Kitenge. Njo yenye ilimutoa ku chumvi. Muntu akisha kuona dawa ya mukubwa, haponi."

Usimcheke. Hapa kila mtu anajua wakubwa wana vitu vyao, wengine pete, wengine mkanda. Kwake huyu tukaona ni ufunguo. Bulaimu aliogopa Kitenge akijua kimeonekana atamwua, na aliogopa pia dhambi ya kukaa nacho. Akaniagiza nikakitupe Lualaba, nisitazame nyuma.

Nilifika majini. Nilisimama na wale wanaofua, jani mkononi. Nikawaza: kama kitu hiki kimemtoa mtu kwenye chumvi kikamweka kwenye abakosti, kwa nini niwape samaki? Mume wangu ana Kitenge mlangoni kwake, ndiye anayehitaji kulindwa. Nikarudi nacho. Kofia yake ilikuwa juani inakauka. Nikafumua pindo, nikakitia, nikashona tena, na asubuhi akaivaa.

Nimesoma mstari wako wa umbali wa kidole mara nne, shemeji. Kisha nikachukua barua yako ya zamani nikasoma kuhusu kitu cheusi cha pembe nne, nikachanganyikiwa. Hiki ni kioo, na ni mviringo. Je, chaweza kuwa ndicho? Siwezi kwenda kwa Kitenge kwa kubahatisha. Nikikosea, nitakuwa nimempeleka Bulaimu mbele yake akiwa amevaa dawa ya mwenyewe kichwani.

Jibu upesi. Kofia anayo huko ndani na hajui amevaa nini.

Shemeji yako,
Mwanvua


Lubumbashi, 16 Novemba 1995

Shemeji Mwanvua,

Ndicho. Nimemuuliza Bruno kabla sijaketi: viwanda vingine vinafanya cheusi, vingine vinafanya cha kioo chenye uzi wa shaba. Mimi nilikuwa nimeona cheusi tu, nikaandika kana kwamba nimeona vyote. Kosa hilo ni langu, na yaya yuko kasho kwa sababu yake. Alisema kweli aliponiapia, nami nikamkasirikia.

Si dawa. Hakuna jini ndani, hakuna nguvu za Kitenge. Kimetengenezwa kiwandani pamoja na gari na hakijui kitu kingine ila namba moja. Naandika hivi waziwazi ili umsomee yaya atakapoweza kusikia.

Fanya hivi. Pindo la kofia lenye kioo likae kwenye tundu la kuwashia, karibu kabisa, ndipo ufunguo mpya ugeuzwe. Gari likishawaka litaendelea hata kofia ikiondoka, mradi wasilizime. Wasilizime, shemeji, mpaka mgeni awe amefika. Baadaye kioo kitiwe ndani ya kichwa cha ufunguo kwa gundi, na mambo yaishe.

Mbaraka anaondoka kesho. Nimemweleza kilichomo, ili barua ikilowa awe na maneno.

Kama ningeweza kusukuma treni hiyo kwa mikono, ningeisukuma.

Amuri


Kindu, 2 Desemba 1995

Mdogo wangu Amuri,

Mwandiko ni wa Mwanvua, maneno ni yangu. Mkono wa kulia bado haujapona. Kule kasho mmoja wao alinikanyaga vidole kwa kiatu, akiniuliza ni wapinzani gani walionituma. Viwili havijikunji. Nimeshajaribu kushika tupa ikaanguka. Nitajaribu tena mwezi ujao.

Treni ya Mbaraka iliharibika Kibombo. Alingoja siku moja, kisha akaazima baiskeli akaja nayo siku mbili kwenye mvua. Alifika kwetu asubuhi ya tarehe 24 akiwa na matope hadi kiunoni, barua yako kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Siku akija kwako, mchinjie kuku.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshatolewa, niko uani kwa Kitenge mbele ya gari, kichwa wazi. Kofia mlinzi mmoja wa kasho aliipenda, akanivua tangu siku ya pili. Mwanvua alipofika kasho kunitafuta aliiona kichwani mwake. Akamwambia, "Baba, iyo kofia ni ya muntu mwenye atakufa leo. Unaitaka kweli?" Yule mtu alimpa mbio mbio kama inamchoma.

Nilimwona Mwanvua anaingia uani na kundi la akina mama waliovaa nguo za chama. Alimwambia Kitenge kwamba mume wake hawezi kusimama mbele ya mgeni wa Kinshasa bila kofia, ni aibu kwa mji mzima. Kitenge akakubali kwa mkono, alikuwa anatazama saa. Mwanvua akanivisha mwenyewe. Akaninong'oneza sikioni: "Ile kioo iko humu. Haiko dawa. Amuri ameandika. Inama pa ufunguo."

Amuri, nilitaka kuivua. Nilielewa kwa mara moja kwamba nimeswali nayo, nimekula nayo, nimelala nayo kwenye sakafu ya kasho, kitu nilichonawa mikono kwa kukigusa. Nilimwonea Mwanvua hasira ambayo sijawahi kumwonea. Lakini nilikuona akilini wewe na tupa yako ya kwanza, ulivyokuwa hujui kudanganya hata ukikata meno vibaya. Nikaingia nusu ndani ya gari, nikainamisha paji la uso mpaka kofia ikagusa tundu. Florentin akageuza.

Nilihesabu mpaka mia moja. Nilikuwa bado nimeinama.

Nilimwambia Florentin asizime hata malaika akishuka. Hakuzima. Tulikwenda uwanja wa ndege, tukamleta mgeni, gari likasimama mbele ya jukwaa linanguruma hotuba zote, watu wanasema ni heshima ya Ubelgiji. Mimi nilikaa nyuma na dumu la mafuta miguuni, tayari kuongeza. Lilizimwa saa kumi na moja, mgeni akiwa ameshapanda ndege yake, na kiti changu katika ndege hiyo kikaenda kitupu.

Jioni Kitenge aliniita sebuleni. Akauliza, "Na kesho?" Ningeweza kusema ndiyo, nije niinamie gari lake kila asubuhi mpaka nife. Nilichoka kuogopa. Nikavua kofia, nikakata uzi kwa meno, nikaweka kile kioo juu ya meza. Nikamwambia yote: kwamba kilitoka katika ufunguo wake, kwamba nilidhani ni dawa yake, kwamba si dawa, ni kitu cha kiwanda.

Alirudi nyuma mpaka ukutani. Mtu mzima yule, na nishani zake kifuani. Hakuniamini hata neno moja. "Mu ufunguo yangu hakukuwa kitu," akasema. "Iyo ni yako. Wala usiiache pa meza yangu." Nilimwambia lazima ikae ndani ya ufunguo, la sivyo gari halitawaka. Akanitaka niiweke mwenyewe. Nikatoboa kichwa cha ufunguo mpya kwa mkono wa kushoto, nikakitia, nikaziba kwa gundi. Aliupokea kwa kitambaa. Karti yangu alinirudishia kwa mikono miwili.

Sasa gari linawaka kila wanapotaka. Lakini Kitenge halipandi. Florentin analizungusha mjini peke yake, na mukubwa anatembea kwa miguu, jua lote hili. Tukikutana njiani ananisalimia kwanza na kuhamia upande wa pili wa barabara. Nilimwogopa mtu huyu miezi miwili, Amuri, na kumbe naye alikuwa na woga ule ule. Ningekwambia tangu siku ya kwanza nilichokiona, vidole vyangu vingekuwa vizima. Nisamehe kwa kukuficha. Ile hasira yako ya tarehe 31 ilikuwa haki yako.

Kaka yako,
Bulaimu

Shemeji, hapa ni mimi, yeye amekwenda kuswali. Siku tatu hakusema nami ila ya chumvi na maji. Ya nne alicheka peke yake kibandani, nikajua yamepita. Ile kofia ameichoma, nikamshonea mpya. Kabla ya kuivaa alilibonyeza pindo lote kwa vidole vya mkono wa kushoto, taratibu, huku ananitazama.

Koti hakulibonyeza. Humo nimeshona kipande cha barua yako ya tarehe 16, pale ulipoandika kwamba si dawa.

Mwanvua